Bata la Tani Ishirini na Nne

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya mapipa mawili ya rangi yaliyojazwa mchanga, likiegemea ukuta wa kinyozi na kutazamana na geti la kiwanda cha magari ya jeshi. Ukikaa hapo huoni kitu cha maana: geti la bati la kijani, kibanda cha mlinzi, na bango la kukataza watu kupiga picha, wakati hakuna cha kupiga picha isipokuwa hilo bango. Lakini watu wa benchi walijua yote yanayotendeka ndani, na yasiyotendeka waliyajua vizuri zaidi. Asubuhi ya Jumatano hiyo walikuwa wanne. Koplo, mstaafu wa jeshi, aliyetumikia miaka kumi na minane ghalani akihesabu mablanketi. Bomba, fundi wa mabomba ya maji. Redio, kinyozi mwenye ukuta, aliyetoka nje na kitana mkononi kila wateja walipopungua. Na wa nne alikuwa Mshono, mchomeleaji wa mle kiwandani, ambaye saa kama hizo kwa kawaida huwa upande wa pili wa geti, kifuniko cha uso kimeshuka na cheche zinaruka. Leo aliambiwa asubiri nje mpaka aitwe.

Siku mbili kabla, Jumatatu, Bata lilikuwa limezama.

Bata ni jina la wafanyakazi. Kwenye makaratasi liliitwa gari namba mbili, la kubebea askari kumi, la chuma kisichopenywa na risasi, lenye magurudumu manane na mapanga mawili kama ya feni nyuma ya kulisukuma likiwa majini. Lilitakiwa litoke barabarani, liingie mtoni bila kusimama, livuke, litoke ng'ambo na kuendelea na safari kama vile hakuna kilichotokea. Kazi hiyo ilikuwa imechukua miaka minne. Jumatatu liliingia bwawa la majaribio mbele ya wageni, likafika katikati, likakaa hapo kidogo kama mtu anayekumbuka kitu alichosahau nyumbani, kisha likashuka.

Ndani alikuwemo dereva mmoja na vifuko kumi vya mchanga vilivyofungwa mikanda mahali pa askari. Dereva alikaa chini ya maji dakika nne. Kifuniko cha juu kilifunguka nusu tu, kwa sababu mdomo wa mzinga ulikuwa umelala juu yake, akajipenyeza hivyo hivyo, akatoka na mtulinga uliovunjika na maji kifuani. Sasa alikuwa hospitali, kitanda cha dirishani. Na dereva huyo ndiye mume wa mdogo wake Mshono, Mama Pacha, aliyeuza kahawa hapo kwenye benchi.

Mama Pacha alikuwa anamimina. Alimjazia Koplo, akamjazia Bomba, akamjazia Redio. Alipofika kwa kaka yake akaruka, akarudisha birika kwenye jiko, akakaa. Alifanya hivyo jana pia. Tangu Jumatatu hakuwa amemwambia neno, maana mtaani ilishasemwa kwamba maji yalipenya upande wa kushoto, tumboni, na aliyeuchoma mshono wa tumbo la kushoto kila mtu alimjua.

Watu wa benchi waliona alivyorukwa. Wakatazama geti.

— Mimi nasema ni maji, alisema Bomba.

— Limezama kwenye maji, kweli, alisema Redio. Umefikiria sana.

— Sikiliza basi. Nauliza ni maji gani. Lile bwawa lilijazwa na nini? Maji ya bomba. Mimi mwenyewe niliunga lile bomba la inchi nne, nilikaa wiki nzima mle ndani. Sasa maji ya mto yana mgongo. Yametembea, yamegonga mawe, yamekomaa. Ukiyapanda yanakubeba. Maji ya bomba yamelala. Yametiwa dawa, yamechujwa, yamebaki unyevu tu. Utaweka tani ishirini juu ya unyevu?

— Kwa hiyo mtu akianguka kwenye tangi la maji ya bomba anazama haraka kuliko mtoni.

— Haraka mara mbili. Nimeona.

— Umemwona nani?

— Nimeona ndoo.

Koplo alipuliza kahawa yake. Alikuwa na namna ya kungoja wengine wamalize, ndipo aseme kwa sauti ya mtu anayefunga kikao.

— Kosa ni mchanga, alisema.

— Mchanga wa bwawani?

— Wa kwenye vifuko. Mliweka vifuko kumi mahali pa askari kumi. Mnasema uzito ni ule ule. Kwenye mizani, sawa. Lakini askari akiona maji yanapanda anafanya nini? Anaogopa. Mtu mwenye hofu anakuwa mwepesi. Anakaza tumbo, anavuta pumzi, anainuka kwenye kiti. Askari kumi wakiinuka pamoja, gari linainuka. Kifuko cha mchanga kinajali? Kimekaa pale pale. Jeshini tunajua haya.

— Ghalani, alisema Redio.

— Ghala ni sehemu ya jeshi.

Mshono hakucheka. Alikuwa ametazama mikono yake, yenye madoa madogo meupe ya cheche za miaka ishirini na sita, na kichwani alikuwa na kitu kimoja tu, kipande cha urefu wa kidole. Mwezi wa tatu, alipokuwa akiuchoma ule mshono wa tumbo, umeme ulikatika akiwa katikati. Ulirudi baada ya robo saa. Alisaga ncha, akapasha moto chuma upya, akaanzia nyuma kidogo ya pale alipoishia, kama inavyotakiwa. Alikumbuka kwamba alifanya hivyo. Lakini tangu Jumatatu alikuwa amekumbuka mara nyingi mno, na sasa kumbukumbu ilikuwa imelainika mpaka hakujua kama anakumbuka kazi au anakumbuka kukumbuka. Kama kuna mahali mshono ule ungefunguka, ni hapo. Kidole kimoja. Na shemeji yake alikuwa amekaa juu ya mahali hapo hasa.

— Mimi siongei sana, alisema Redio, na Bomba akageuka kumtazama vizuri. Lakini wiki iliyopita nilinyoa kichwa cha mtu ambaye si wa hapa. Alinipa nywele zenye mafuta ya bei. Nikamuuliza kazi, akasema ni mtalii. Mtalii, mtaa huu? Wa kutazama nini, geti? Mtu yule alikuwa na mfuko mzito. Nilipousogeza kwa mguu ukagusa kiti changu, ukanata. Sumaku.

— Sumaku ya nini?

— Ya kulivuta Bata. Unaizika chini ya bwawa usiku mmoja kabla. Gari la chuma likipita juu yake, basi.

— Sumaku ya kuvuta tani ishirini aliibeba begani?

— Alikuwa anatembea ameinama upande.

Bomba akaliwaza hilo kwa heshima. Kisha akasema kwamba kama ni sumaku, basi hata yale mabomba yake ya inchi nne yangekuwa yamepinda, na Jumanne aliyakagua yako sawa, labda kama sumaku ilikuwa ya aina inayochagua. Koplo akasema zipo. Akasema pia kwamba kuna jambo analijua ila hawezi kulisema. Akalisema.

— Halikuzama.

— Koplo, gari lilikwenda chini. Winchi imelitoa jana, watu wamesikia mlio mpaka sokoni.

— Nasema halikuzama. Lilifika. Mnadhani jeshi litatumia miaka minne kutengeneza kitu cha kuelea? Mtumbwi unaelea. Lile ni gari la kupita chini ya maji. Wageni waliambiwa litaelea ili wasijue. Likashuka vizuri, kwa utulivu, mahali lilipopangiwa. Ni ushindi. Sasa wanajifanya wamesikitika.

— Na mume wangu?

Hiyo ilikuwa sauti ya Mama Pacha. Hakuipandisha. Alikuwa anasuuza vikombe.

Koplo akatazama kikombe chake. — Samahani, Mama Pacha, alisema. Nilijisahau.

Upande wa pili wa barabara lori la saruji lilikuwa limeegeshwa, gurudumu moja likiwa kwa mziba pancha, na dereva wake akavuka kuja kutafuta kahawa. Alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa ovaroli iliyokunjwa mikono na kilemba kilichokuwa cheupe kwa vumbi la mzigo wake. Akawasalimu wote, akakaa mwisho wa ubao, akapokea kikombe.

— Mnazungumzia lile gari la jeshi? aliuliza. Huko barabarani kila mtu ana lake.

— Ndilo, alisema Redio. Sisi hapa tuna habari kamili. Kuna za aina nne.

— Lilikuwa linaelea kabla?

Wote wakamgeukia Mshono, maana hilo hata wao waliona ni la mwenye kazi. Ilimbidi akohoe kwanza.

— Gari namba moja lilielea, alisema. Miaka miwili iliyopita. Lilikaa juu ya maji mpaka hapa, akapima kiunoni. Mhandisi mkuu alitoa machozi. Lilikuwa jepesi, tani kumi na saba na nusu. Ndipo barua zikaanza kuja.

— Barua gani?

— Za wakubwa. Ya kwanza ilisema chuma cha ubavuni kiongezwe, risasi za siku hizi ni kali. Sawa, tukaongeza. Ya pili, tumbo liwekwe bamba la kupinda, bomu likilipuka chini moto ukimbilie pembeni. Sawa. Ya tatu, mzinga juu. Ya nne, viti visigusane na sakafu, vining'inie kwenye dari, kwa ajili ya hilo hilo bomu. Ya tano, kiyoyozi. Ya sita sikumbuki. Ya saba, betri za pili kwa ajili ya kiyoyozi. Ya nane, redio kubwa. Ya tisa, sahani ya kupashia chakula.

— Sahani ya kupashia chakula, alirudia yule dereva wa lori.

— Kilo kumi na moja tu. Kila barua ilikuja na kilo zake zimeandikwa chini, na saini. Ofisini wanajumlisha. Na kila kimoja kinataka kishikiliwe, kwa hiyo mimi nachomelea vishikizo.

Mwanamke alikunywa, akapangusa mdomo kwa kiganja.

— Na mara ya mwisho lilipimwa uzito lini?

Mshono akakuna doa moja la mkononi.

— Ofisini wanajumlisha, alisema tena.

— Hiyo ni hesabu. Mimi nauliza mizani. Mimi nikipakia saruji nina karatasi ya mifuko, imeandikwa vizuri kabisa, mihuri miwili. Nikipanda mizani ya barabarani kila siku ni namba nyingine. Mifuko imelowa, godoro langu, tope la magurudumu, msaidizi amenenepa. Karatasi haijui hayo. Sasa hilo gari, baada ya barua tisa, lilipandishwa mizani lini?

Bomba akamtazama Redio. Redio akamtazama Koplo. Koplo akasema kwamba kwa utaratibu wa jeshi, kisha hakutaja utaratibu wenyewe.

Mshono alikuwa anafikiri juu ya mizani ya kiwandani. Ipo, nyuma ya stoo, ya saa kubwa yenye mshale mwekundu. Inaishia tani ishirini. Namba moja lilipimwa hapo. Namba mbili lilipoufikisha mshale mwisho, ikasemwa itatafutwa mizani nyingine, na waliosikia wakahamishwa kitengo. Akafikiri tena juu ya bamba la tumbo. Liliandikwa milimita nane. Siku lilipofika, za nane zilikuwa zimekwisha kwa muuzaji, zikaletwa za kumi, na mtunza stoo alifurahi, akasema nene ni bora zaidi. Yeye Mshono alifurahi pia. Bamba nene linachomeka vizuri. Halafu kikamjia kingine, akakihesabu kwa vidole juu ya goti. Vijiti vya kuchomelea. Pakiti moja kilo tano. Kwenye vishikizo peke yake alitumia pakiti arobaini. Kilo mia mbili za mshono, na hazikuwa kwenye barua ya mtu yeyote.

— Halijapimwa, alisema.

— Basi, alisema yule mwanamke, si kwa ushindi. Akatazama kama gurudumu lake limekuwa tayari.

— Kaka, alisema Mama Pacha.

Akainuka na birika, akamimina kikombe mpaka juu, akamwekea mkononi. Ilikuwa ya moto mno kushikwa na aliishika.

— Wakikuita humo ndani, alisema, uwaulize kama alivyouliza dada huyu. Hivyo hivyo. Usiongeze maneno.

— Na kama mshono ndio uliofunguka?

— Kama umefunguka watakwambia. Lakini uulize.

Akaitwa saa nne na dakika kumi.

Chumba kilikuwa na meza ndefu, feni isiyofanya kazi, na watu watatu: mhandisi mkuu, aliyeonekana hajalala tangu Jumatatu; ofisa wa jeshi mwenye jalada; na mama wa usalama kazini, ambaye ndiye aliyekuwa anaandika. Mbele yao palikuwa na picha. Walikuwa wamekausha tumbo la Bata, wakapaka ule wino mwekundu unaojificha kwenye nyufa, wakaufuta, wakapaka unga mweupe juu yake. Kama kuna ufa hata wa unywele, wino hutoka kwenye unga kama damu kwenye bandeji. Mshono aliinama. Picha ilionyesha mita nne za mshono wake, na unga juu yake mweupe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alitafuta pale umeme ulipokatikia. Palikuwa peupe kama kwingine.

Akaomba kukaa.

— Mshono wako ni mzima, alisema mhandisi mkuu. Maji yaliingilia juu, kwenye matundu ya hewa. Gari lilikaa chini kuliko tulivyotarajia, wimbi dogo likatosha. Tumekuita kukufahamisha. Tunachotafuta sasa ni kwa nini lilikaa chini. Tunafikiria labda dereva aliingia kwa kasi.

Mshono alimkumbuka shemeji yake kwenye kitanda cha dirishani, mtu ambaye hata mlango wa nyumbani huufunga polepole.

— Lilipimwa uzito lini? aliuliza.

Ofisa akafungua jalada. Akapekua. Akarudi mwanzo, akapekua tena polepole zaidi.

— Hapa kuna jumla, alisema. Tani ishirini na moja na kilo mia nne. Kikomo cha kuelea ni ishirini na mbili na nusu. Tuko salama kabisa.

— Hiyo ni hesabu, alisema Mshono. Mimi nauliza mizani.

Mama wa usalama aliacha kuandika. Mhandisi mkuu alikuwa ametazama feni. Akavua miwani akaiweka juu ya picha.

— Mimi ndiye niliyesema tutafute mizani nyingine, alisema. Nilisema mbele ya watu wawili. Wote wawili walihamishwa.

Mshono alipaswa kunyamaza hapo, ameshapona. Dada yake alimwambia asiongeze maneno. Lakini zile pakiti arobaini zilikuwa zimemkaa rohoni, akaziongeza. Akasema juu ya vijiti, akasema juu ya milimita kumi. Akasema mshono wake haukuvuja, lakini una uzito, na yeye hakuwahi kumwambia mtu kwa sababu hakuna aliyemuuliza na yeye hakujiuliza.

— Liandikwe hilo? aliuliza mama wa usalama.

— Liandike, alisema Mshono.

Alhamisi Bata lilifunikwa turubai, likapakiwa kwenye trela, na kupelekwa mizani ya bohari ya saruji, ile ile ambamo yule mwanamke wa lori hupakia. Vifuko vya mchanga vilikuwa bado ndani kwenye mikanda yao. Karani wa mizani aliambiwa asitazame chini ya turubai, naye akasema yeye hutazama namba tu. Akatoa uzito wa trela. Namba ikatoka: tani ishirini na nne, kilo mia moja na sitini. Ofisa akasema irudiwe. Ikarudiwa, ikatoka kilo mia mbili na arobaini. Karani akamwomba ofisa ashuke kwenye trela. Ikarudi mia moja na sitini.

Kisha ikaja kazi ya kupunguza, na hapo ndipo watu walipojua kuunda gari ni rahisi. Kikao kilikaa siku tatu. Wenye mzinga walisema mzinga ndio sababu ya gari kuwepo. Wenye chuma cha ubavuni waliuliza nani ataandika barua kwa wazazi wa askari. Wenye kiyoyozi walileta vipimo vya joto na kusema askari akifika ameiva hawezi kupigana. Wenye sahani ya kupashia chakula hawakuhudhuria, lakini walituma ujumbe kwamba wanapinga. Mwisho wa siku ya tatu walikubaliana kwamba vishikizo vipunguzwe, rangi ikwanguliwe ibaki tabaka moja, na bamba la milimita kumi lisagwe pale panapowezekana.

Kwa siku kumi na moja Mshono alikata kazi yake mwenyewe. Alikata vishikizo vilivyokuwa vizuri, alivyovijua kimoja kimoja, hiki alikichoma siku binti yake alipofaulu mtihani, kile siku alipoumwa jino. Vilianguka sakafuni vikilia, vikajaa pipa, pipa likapimwa, likaandikwa. Siku hizo mizani ilitumika mpaka ikachoka. Kilo elfu moja na mia nne zilitoka. Alifika nyumbani jioni vidole vimekufa ganzi kwa mashine ya kusagia, akala kwa kijiko.

Zilikuwa bado kilo mia mbili na sitini juu ya kikomo.

Kikao kikakaa tena, safari hii saa moja tu, na kikapata jawabu.

Jumatatu, wiki tatu baada ya kuzama, Bata liliingia tena bwawani. Aliyeliendesha alikuwa dereva wa akiba, Baba Pacha, aliyezama nalo, akiwa pembeni na mkono kwenye kitambaa, akimwelekeza kwa redio ya mkononi. Mama Pacha hakuruhusiwa kuingia. Alisimama kwenye benchi, akisikiliza ng'ambo ya geti. Injini ilinguruma, ikashuka sauti, maji yakasikika. Kisha hapakusikika kitu kwa muda ambao kahawa ilichemka ikamwagika kwenye makaa bila mtu kuitazama. Halafu injini ikasikika tena, upande mwingine, ikipanda.

— Limetoka, alisema Bomba. Maji yamekomaa sasa, yana wiki tatu.

Hakuna aliyembishia.

Saa sita Baba Pacha alitoka getini na Mshono, wakavuka barabara pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Baba Pacha kukaa kwenye benchi lile, mtu anayeingia kazini kabla ya kahawa na kutoka baada yake. Mkewe alimsogezea nafasi, akamwekea kanga iliyokunjwa mgongoni, na mkono wake ukabaki kwenye bega lake lile zima. Redio alitoka dukani na mteja wake nyuma, nusu ya kichwa imenyolewa, maana mteja naye alitaka kusikia.

— Haya shemeji, alisema Redio. Tupe. Limeelea?

— Limeelea, alisema Baba Pacha. Matundu ya hewa yamebaki juu ya maji kiganja kizima.

— Na mzinga upo?

— Upo.

— Kiyoyozi?

— Kipo.

— Ile sahani?

— Ipo.

— Sasa zile kilo zilizobaki walizitoa wapi? aliuliza Koplo. Mia mbili na sitini si mchezo. Mimi nadhani waliweka hewa maalumu kwenye magurudumu. Kuna hewa nyepesi. Ukiitia ya kutosha gari linaweza hata...

— Walipunguza askari, alisema Mshono. Mmoja na vifaa vyake ni kilo mia na thelathini. Sasa linabeba wanane.

Koplo alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa hesabu iliyokaa sawa. Akasema ni jambo la busara. Akasema kwa kweli wanane ni namba nzuri ya kijeshi, kumi walikuwa wengi, wanabanana, mmoja akikohoa wote wanakohoa. Bomba akaafiki. Redio akasema alisikia tangu zamani kwamba watapunguza, alinyoa mtu wa kikao.

Baba Pacha aliwasikiliza wote mpaka wakamaliza. Alikuwa anaongea taratibu kwa sababu ya kifua.

— Kikosi kile ni cha watu kumi, alisema. Siku zote ni kumi. Sasa wanane wakishavuka, wale wawili wanavukaje?

Koplo alivua kofia, akatazama ndani yake, akaivaa.

— Mto wenyewe una upana gani? aliuliza Bomba.

— Mita mia mbili.

— Aha, alisema Bomba.

Mteja wa Redio alijishika upande wa kichwa usionyolewa. Mama Pacha alikuwa amemtazama kaka yake, na Mshono alijua kwamba anangoja aseme kitu, yeye ndiye mwenye kazi. Alichokijua ni kwamba kila kilichokuwa ndani ya gari lile kilikuwa na barua na saini ya mtu, na kwamba wale wawili hawakuwa na barua. Na alijua viti vyao vilipo. Alivikata mwenyewe Ijumaa, akavibeba kimoja kimoja, akaviegemeza ukutani karakana, karibu na mlango, mikanda ikiwa bado imefungwa.